Jina lako kwenye Daftari: namna ya kulikagua, kulisahihisha na kulihamisha ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulipofika Mbeya na Iringa, mwishoni mwa Desemba 2024 na mwanzoni mwa Januari 2025, vituo vilikuwa wazi kwa siku 7, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Kwa huku kwetu, siku hizo ni za mvua, mbolea na viazi. Watu wengi walifika kituoni siku ya sita na ya saba, wameloa, wana haraka, mkononi wana kadi ya zamani yenye kosa ambalo wamelijua kwa miaka kumi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimewahi kukaa nyuma ya ile meza kama mwandishi msaidizi, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyotamani kila mtu awe ameshayafanya nyumbani kabla ya kupanga foleni.

Sheria inaitaka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iboreshe Daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na unaofuata. Zoezi likitangazwa huwa ni siku chache tu, ila maandalizi yake unaweza kuyafanya leo jioni.

Kwanza, jua unazungumzia orodha ipi

Hapa ndipo wengi walipopotea. Oktoba 2024, tarehe 11 hadi 20, watu waliandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba. Orodha ile iliandikwa kwa mkono kwenye vitongoji na mitaa, bila picha, bila alama za vidole wala kadi. Ilikuwa ya kuchagua wenyeviti na wajumbe, basi. Miezi miwili baadaye, tulipofungua vituo vya Daftari la Kudumu, kijana akipita barabarani tukimwita anajibu, "Mwalimu, mimi nilishajiandikisha." Alikuwa amejiandikisha, lakini kwenye orodha nyingine.

Daftari la Kudumu ndilo linalotumika kumchagua Rais, mbunge na diwani. Ndilo lenye kadi yenye picha yako. Uandikishaji wake kwa mashine za BVR, zile zinazochukua picha na alama za vidole, ulianzia hukuhuku kwetu, Makambako mkoani Njombe, Februari 2015, na kufikia uchaguzi wa mwaka ule lilikuwa na zaidi ya watu milioni 23. Mwaka 2025 lilivuka milioni 37. Kadi za 2015 na 2020 ziliendelea kuwa halali, hivyo mwenye kadi isiyo na kosa na ambaye hajahama hakuwa na haja ya kupanga foleni upya. Ukisikia mtu anatangaza mtaani kwamba kadi za zamani zimekufa, muulize kaipata wapi habari hiyo, kisha nenda ukaulize kwa mtendaji wa kata.

Panga karatasi zako zote mezani

Toa kadi ya mpiga kura, kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva na pasi ya kusafiria kama unazo. Mwite mtoto anayejua kusoma vizuri. Wewe shika karatasi moja, yeye ashike nyingine, asome jina herufi kwa herufi, si neno kwa neno. Jicho la mtu aliyelizoea jina lake huruka makosa.

Nasisitiza herufi kwa sababu ya jambo moja. Mwaka 2020 na 2025, Tume iliwaruhusu waliopoteza kadi kupiga kura kwa kutumia kitambulisho cha Taifa, pasi ya kusafiria au leseni ya udereva, kwa sharti kwamba jina lao limo kwenye Daftari la kituo hicho na majina yanafanana na yale ya kitambulisho. Kadi iliyoibiwa stendi ya Nane Nane inaweza kufidiwa na kitambulisho, ila jina likitofautiana mlango huo unafungwa.

Na majina yetu yana mitego yake. Kinyakyusa hakina "r", kwa hiyo mzee aliyebatizwa Raheli hujitaja Laheli, na mwandishi aliyetoka mkoa mwingine huandika alichosikia. Majina yanayoishia na "sye" ndiyo yanayonyanyasika zaidi: Ambakisye anakuwa Ambakisie, Anyelwisye anakuwa Anyerwisye. Upande wa Iringa na Njombe kuna ile alama ya juu kwenye "ng'": Ng'umbi kwenye karatasi moja ana alama, kwenye nyingine hana. Koo za "Mwa" nazo, Mwakalobo, Mwakatobe, Mwaikambo, kwa mtu mgeni zinasikika kama jina lilelile. Ukoo ni mkubwa na majina ya kwanza ni yaleyale ya Biblia, hivyo si ajabu kata moja kuwa na watu wanne wenye majina mawili yanayofanana kabisa. Jina la kati ndilo linalowatenganisha. Usikubali liachwe wala lifupishwe kuwa herufi moja na nukta.

Ukikuta karatasi zinapingana, ifuate ipi? Ushauri wangu ni kitambulisho cha Taifa, kwa sababu benki, laini ya simu na karibu kila ofisi imejifunga nacho. Lakini kama hicho ndicho chenye kosa, anzia kwenye ofisi ya NIDA ya wilaya yako na cheti cha kuzaliwa mkononi, usubiri kisahihishwe, ndipo uje kwenye Daftari. Ukianza kwenye Daftari utasahihisha mara mbili.

Akina mama walioolewa, amueni mapema. Kama unaendelea kutumia jina la baba yako kwenye kitambulisho, litumie hilohilo kwenye Daftari, hata kama kanisani na kwenye kikoba wanakuita kwa ubini wa mume.

Ukiwa kituoni

Utakuta mwandishi msaidizi, opereta wa mashine ya BVR, na mawakala wa vyama vya siasa wamekaa pembeni. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na watu wenye ulemavu hawapangi foleni. Ukimwona bibi amesimama nyuma kwa aibu, mpeleke mbele. Huduma hii hailipiwi, hata ya kadi iliyopotea au kuchakaa.

Mwandishi anatakiwa kujiridhisha na mambo matatu: wewe ni raia wa Tanzania, umetimiza miaka 18 au utaitimiza kabla au siku ya uchaguzi, na hujaandikishwa mahali pengine. Akikuuliza tarehe ya kuzaliwa, jina la mama au kitongoji unachoishi, usimwone mkorofi. Mawakala nao wapo kwa sababu hiyo: wengi ni wenyeji na wanajua nani ni nani. Cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha Taifa huyamaliza maswali haya haraka.

Kwa jirani zangu wa Kyela, Ileje na Tunduma swali la uraia ni zito zaidi. Ng'ambo ya mpaka wanasema lugha tunayoelewana nayo bila mkalimani, tumeoana, tumezikana. Mtoto aliyezaliwa Karonga, Malawi, na kulelewa Kasumulu upande wetu anaweza kuwa raia au asiwe, kutegemea wazazi wake. Hilo huamuliwa na Uhamiaji, wala si mwandishi wala wakala wa chama. Kama una shaka nalo, nenda Uhamiaji kabla ya zoezi. Kudanganya mbele ya ile meza ni kosa la jinai, na kumzuia raia halali kwa sababu ya lafudhi yake ni dhuluma.

Kisha zinakuja picha, alama za vidole na saini. Vidole hutusumbua sana huku. Mchuma chai wa Mufindi, fundi wa tofali, mpasua mbao wa Mafinga na mkulima wa viazi wa Isongole wote wana vidole vilivyolika, mistari imefutika, na mashine inakataa. Siku moja kabla, punguza kazi ya saruji na jembe kama unaweza. Nawa kwa maji ya vuguvugu, paka mafuta usiku, asubuhi ufute mikono ikauke. Mashine ikikataa mara ya kwanza usitoke kwa hasira. Opereta atakifuta kioo na kukuomba ubonyeze tena, taratibu, kidole kilale chote. Tulikuwa na mzee mmoja aliyerudia hadi mara ya saba, na ya saba ikakubali.

Sasa fika kwenye hatua ninayoiona kubwa kuliko zote: kabla hujaweka saini, omba usomewe au usome mwenyewe kilichoandikwa. Una haki hiyo, na haichukui hata dakika mbili.

Alikuja bibi mmoja, mvua ya Desemba inapiga bati la darasa hadi tunasemezana kwa kupaza sauti. Kadi yake ya zamani ilimwandika Atupakisie. Kitambulisho chake cha Taifa kilisema Atupakisye. Aliviweka vyote viwili mezani, akaniuliza, "Mwanangu, kwani huyu na huyu si mimi?" Watu wote mle ndani walimjua. Tukaanza kumfanyia marekebisho, mjukuu wake wa darasa la sita amesimama pembeni. Opereta akaandika. Nikamwomba mtoto asome kwenye skrini. Akasoma kwa sauti, "A, T, U, P, A, K, I, S, I, E." Mkono wa opereta ulikuwa umerudi kulekule kwenye kosa la zamani, bila nia mbaya yoyote, kwa sababu kadi ya zamani ndiyo iliyokuwa mbele yake. Asingekuwepo yule mtoto, bibi angeondoka na kadi mpya yenye kosa lilelile. Alishika mkono wa mjukuu, akatuambia "ndaga fijo", yaani asante sana, akatoka na mvua yake.

Soma pia tarehe ya kuzaliwa. Siku na mwezi hubadilishana nafasi kirahisi. Angalia jinsia, kijiji au mtaa, na jina la kituo.

Kama umehama

Kuhama hakuna maana ya kuandikishwa upya. Unahamisha taarifa zako kutoka kituo cha zamani kwenda kipya, na unabaki mtu mmoja. Mwenye intaneti aliweza kuanza hatua za kuhama au kurekebisha taarifa kwenye mfumo wa Tume wa mtandaoni, kisha akaenda kituo cha anakoishi sasa kukamilisha. Asiye nayo alienda moja kwa moja na kadi yake. Ukificha kadi ya zamani na kujitangaza mpiga kura mpya, alama zako za vidole zitakutaja pindi Tume inapozilinganisha, na kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa lenye adhabu ya faini au kifungo. Niliowaona wakifanya hivyo wengi hawakuwa na hila. Walipoteza kadi, wakaona rahisi kusema "sijawahi". Sema ukweli kwamba umepoteza, utapewa nyingine.

Wapi pa kuhamia, hasa kama maisha yako ni ya msimu? Chaguzi zetu kuu tatu zilizopita zimefanyika Oktoba: 25 Oktoba 2015, 28 Oktoba 2020, 29 Oktoba 2025. Jiulize Oktoba huwa uko wapi. Kijana wa Rungwe anayeshuka Mbarali kupandikiza mpunga atakuwa Ubaruku au Chimala Januari, zoezi linapopita, na akijiandikisha huko kwa sababu tu kituo kiko jirani na kambi, Oktoba atakuwa nyumbani kwao na kadi ya kituo kilicho mbali. Mchimbaji wa dhahabu wa Chunya anayehama kutoka Makongolosi kwenda Matundasi na kurudi afikirie vivyo hivyo. Wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa nao watazame kalenda ya chuo: Oktoba wengine wanakuwa bado likizo kwao.

Mipaka nayo huhama hata wewe ukiwa umetulia. Mei 2025 Tume ilitangaza Jimbo jipya la Uyole, lililomegwa kutoka Mbeya Mjini. Mtu hakutoka nyumbani kwake Uyole lakini jimbo lake lilibadilika. Ukisikia kata au jimbo limegawanywa, kagua kituo chako.

Waliotangulia mbele ya haki

Hili halizungumzwi, na ndilo linaloliharibu Daftari kimyakimya. Hakuna mashine inayojua kwamba baba yako alifariki Julai na mkamzika Mwakaleli. Kama ukoo haukusema, jina linabaki. Msiba unapoisha na vikao vya ukoo vinagawa majukumu, mpeni mtu mmoja kazi hii: atunze kadi ya marehemu, afuatilie cheti cha kifo kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia wilaya, na zoezi likija apeleke taarifa kituoni ili jina liondolewe. Najua inauma. Mama mmoja aliniambia hataki kuiachia kadi kwa sababu ndiyo picha pekee ya mumewe. Tulimshauri aipige picha kwanza studio, aikuze, aitundike ukutani. Alifanya hivyo, akarudi siku ya mwisho.

Msiazimishe wala kuuza kadi ya marehemu, kwa mtu yeyote, wa chama chochote.

Wapo wanaoniambia, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, kwamba hawaoni tena faida ya kuhangaika na haya. Machungu hayo nayasikia na siyapuuzi. Ninachowaomba wakumbuke ni kwamba majina ya waliokufa na yaliyojirudia hayamfaidii mpiga kura mwaminifu hata mmoja, na anayetaka kudai hesabu safi atadai kwa nguvu zaidi akiwa na orodha safi.

Daftari la awali likibandikwa

Baada ya kuandikisha, Tume huweka wazi Daftari la awali ili watu walikague. Mwaka 2025 ilifanyika Mei, pamoja na awamu ya pili ya uboreshaji. Wengi hawakwenda, kwa kuwa walishapata kadi wakaona yameisha. Nenda. Usitafute jina lako tu, tafuta ya nyumba nzima: mzee asiyetembea, binti aliyeolewa Makete, kaka aliyefariki. Beba daftari dogo na kalamu, andika kila kosa kama lilivyo, na mpe mwandishi aliyepo.

Sheria inakuruhusu pia kumwekea pingamizi mtu aliyeorodheshwa bila sifa. Pingamizi linahitaji ushahidi, mhusika hupewa nafasi ya kujieleza, na asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda Mahakama ya Wilaya. Nawasihi msilitumie kama silaha. Mbarali na Chunya kuna familia za wafugaji zilizohamia miaka mingi iliyopita, watoto wamezaliwa hapo na kusoma hapo. Mtu kuwa mgeni kijijini hakumwondolei uraia wake, na ugomvi wa malisho una mabaraza yake.

Kwa balozi na mwenyekiti wa kitongoji

Chukua daftari la shule la kurasa 40, ligawe safu nne: waliofariki, waliohamia, waliohama, watakaotimiza miaka 18. Andika jina na mwezi, basi. Zoezi likitangazwa utajua ni mlango gani wa kugonga. Usiandike namba za kadi za watu, usizipige picha, usizitume kwenye kundi la WhatsApp. Na wewe mwananchi, akija mtu asiye mtumishi wa Tume anataka namba ya kadi yako "kwa ajili ya takwimu", mnyime. Sijaona sababu halali ya kuikusanya.

Siku chache kabla ya kura

Orodha ya majina hubandikwa nje ya kituo. Pita ukiwa unaenda sokoni, usisubiri asubuhi yenyewe. Shule moja inaweza kuwa na vituo vitatu au vinne, na majina hugawanywa kwa alfabeti. Tafuta chumba chako, hesabu mlango wa ngapi kutoka kwenye mlingoti wa bendera, kisha mwambie bibi wa jirani naye chake ni kipi.